Nati ya Gurudumu la Baiskeli: Sababu za Kulegea na za Kukwama

Miongoni mwa vyombo vinavyotumiwa na wananchi wa Afrika ya Mashariki, ni vichache vilivyobeba mizigo ya aina nyingi kama baiskeli. Juu ya keria yake hupakiwa madumu ya maji, magunia ya mkaa, mikungu ya ndizi, vyombo vya maziwa, na mara nyingine mgonjwa anayepelekwa zahanati. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, baiskeli zilianza katika miaka ya 1960 kuwavusha abiria kutoka mpaka mmoja hadi wa pili, na kutokana na kazi hiyo likazaliwa jina la bodaboda. Ingawa leo pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, baiskeli ingali chombo cha mkulima, cha mwanafunzi na cha mchuuzi.

Mzigo wote huo, pamoja na usalama wa mpandaji, hutegemea nati nne ndogo: mbili za gurudumu la mbele na mbili za gurudumu la nyuma. Nati hizo zina maradhi mawili makubwa. La kwanza ni kulegea: gurudumu huanza kuyumba, hukwaruza fremu, na mwishowe laweza kuchomoka. Gurudumu la mbele likichomoka wakati baiskeli inateremka mlima, mpandaji hurushwa kichwa mbele. La pili ni kukwama: siku tairi inapopasuka, nati hukataa kufunguka, na ikilazimishwa, ekseli hukatika.

Maradhi haya huonekana kama yanapingana, lakini asili yao ni moja. Yote mawili yanahusu msuguano baina ya nyuso za chuma: katika la kwanza msuguano umepungua, katika la pili umezidi. Makala haya yanaeleza jinsi nati inavyoshika, kwa nini huacha kushika, na kwa nini huweza kushika kupita kiasi. Maarifa yanayohitajika ni ya fizikia na kemia ya shule za sekondari.

Muundo wa ekseli

Ekseli ni fimbo ya chuma cha pua iliyochongwa hesi. Katika baiskeli nyingi za kawaida za muundo wa Kiingereza, ekseli ya mbele ina kipenyo cha inchi 5/16, na ya nyuma inchi 3/8, yaani milimita 9.5 hivi. Zote mbili huwa na hesi 26 kwa kila inchi. Ekseli haizunguki, imeshikwa na fremu au foku. Kinachozunguka ni habu, yaani kitovu cha gurudumu ambamo spoki huanzia.

Baina ya habu na ekseli kuna gololi za chuma. Kwa kawaida upande mmoja wa gurudumu la mbele una gololi 10 za inchi 3/16, na upande mmoja wa gurudumu la nyuma una gololi 9 za inchi 1/4. Gololi hubingirika juu ya koni, ambayo ni nati maalumu yenye uso laini uliopinda. Koni ikisukumwa ndani, gololi hubanwa. Ikirudishwa nje, hupata nafasi. Ili koni isihame mahali pake, nyuma yake hufungwa nati nyembamba iitwayo lokinati. Nje ya lokinati ndipo hukaa bamba la fremu lenye pengo la kupokelea ekseli, kisha washa, kisha nati kubwa ya nje.

Ni muhimu mwanafunzi atofautishe kazi hizi mbili. Koni na lokinati huweka nafasi ya gololi ndani ya habu. Nati ya nje hulishika gurudumu katika fremu. Gurudumu linaloyumba laweza kuwa na ubovu wa kwanza au wa pili, na dawa zake ni tofauti.

Hesi ni mteremko uliozungushwa

Kipande cha karatasi kilichokatwa kwa umbo la pembetatu yenye pembe mraba kikizungushiwa kalamu, upande wake ulioinama huchora mstari unaopanda kama hesi. Kwa hiyo hesi ni mteremko tu uliozungushwa juu ya fimbo. Kukaza nati ni sawa na kusukuma mzigo kupanda mteremko huo, na kulegea kwa nati ni sawa na mzigo kuteremka.

Swali ni hili: kwa nini mzigo hauteremki wenyewe? Jibu hupatikana kwa hesabu fupi. Katika ekseli ya nyuma, hesi 26 kwa inchi zina maana kwamba nati husogea milimita 0.98 kwa kila mzunguko mmoja. Mzingo wa hesi, ukipimwa katikati ya kina chake, ni milimita 28 hivi. Basi mteremko huo hupanda milimita moja tu kwa kila milimita 28, na pembe yake ni digrii 2.

Sasa uwiano wa msuguano baina ya chuma na chuma, yaani kani ya msuguano ikigawanywa kwa kani inayobana nyuso, huwa kiasi cha 0.15. Maana yake ni kwamba kipande cha chuma hakianzi kuteleza juu ya bamba la chuma mpaka bamba liinuliwe kufikia digrii 8 au zaidi. Mteremko wa hesi ni digrii 2 tu. Kwa hiyo nati iliyokazwa ikiachwa imetulia haina njia ya kujifungua yenyewe hata ikikaa miaka mingi. Chanzo cha kulegea hakina budi kutafutwa kwingine.

Nati hushika kwa kuvuta

Watu wengi hudhani kwamba nati hushika kwa sababu imezuia njia, kama komeo la mlango. Sivyo ilivyo. Nati hushika kwa sababu imeivuta ekseli na kuirefusha, na ekseli, kama springi, hutaka kurudi katika urefu wake wa kwanza. Kani hiyo ya kuvuta, ambayo hapa itaitwa mkazo, ndiyo inayobana bamba la fremu baina ya nati ya nje na lokinati.

Ukubwa wa mkazo huo waweza kukisiwa. Tuseme fundi anasukuma mwisho wa spana kwa kani ya nyutoni 150, na urefu wa spana ni mita 0.2. Momenti yake ni:

150 × 0.2 = nyutoni-mita 30.

Si juhudi yote inayofika kwenye ekseli. Nusu yake hivi humezwa na msuguano chini ya uso wa nati, na sehemu kubwa ya inayobaki humezwa na msuguano wa hesi. Sehemu moja tu ya kumi hivi ndiyo hutumika kuivuta ekseli. Kwa hesi kavu, wahandisi hukisia mkazo kwa kugawanya momenti kwa 0.2 ya kipenyo cha ekseli:

30 ÷ (0.2 × 0.0095) = nyutoni 15,800 hivi.

Hiyo ni sawa na uzito wa tani moja na nusu na zaidi, uliopatikana kwa mkono mmoja na spana fupi.

Lakini kani hiyo kubwa hukaa juu ya urefu mdogo mno. Sehemu ya ekseli inayovutwa, kutoka nati ya nje hadi lokinati, haizidi sana milimita 10, na eneo la chuma chake ni milimita za mraba 60 hivi. Kwa ugumu wa chuma cha pua, mkazo wa nyutoni 15,800 huirefusha sehemu hiyo kwa milimita 0.013 tu, yaani kiasi cha sehemu moja ya mia ya milimita. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko urefu huo mara kadhaa. Hapo ndipo siri ya jambo hili lote ilipo: usalama wa gurudumu umewekwa juu ya sehemu moja ya mia ya milimita. Nati ikirudi nyuma digrii chache tu, kadiri ya hatua ya dakika moja au mbili katika uso wa saa, sehemu kubwa ya mkazo hupotea, ingawa kwa jicho nati inaonekana iko palepale.

Mnyororo unavyojaribu nati

Mpandaji mwenye uzito wa kilo 70 hivi anaposimama juu ya pedeli kupanda mlima, huikandamiza kwa kani ya nyutoni 700. Mkono wa pedeli una urefu wa milimita 170, na gia kubwa ya meno 46 ina nusu kipenyo cha milimita 93. Kwa hiyo mnyororo huvutwa kwa kani ya:

700 × 170 ÷ 93 = nyutoni 1,280 hivi.

Mnyororo huo uko upande wa kulia, karibu na ncha ya kulia ya ekseli. Sehemu kubwa ya kani, kiasi cha nyutoni 1,100, huiangukia ncha hiyo na kuivuta mbele katika pengo la fremu. Kinachoizuia isiteleze ni msuguano katika nyuso mbili za bamba la fremu, uso wa ndani na uso wa nje. Kwa mkazo wa nyutoni 15,800 msuguano huo ni:

2 × 0.15 × 15,800 = nyutoni 4,740.

Kwa hiyo nati iliyokazwa vizuri ina uwezo wa mara nne na zaidi kuliko kani inayoijaribu. Lakini mkazo ukipungua hadi robo yake, msuguano nao hushuka hadi nyutoni 1,185, na akiba yote imekwisha. Shimo moja barabarani au mlima mmoja mkali hutosha. Ncha ya kulia huteleza mbele, gurudumu hugeuka upande, na tairi hugusa bomba la kushoto la fremu. Mafundi wengi wameuona ubovu huu wakalilaumu gurudumu, na kumbe kosa ni la mkazo uliopotea.

Kwa nini nati hulegea

Sababu ya kwanza ni mtikisiko wa upande. Mwaka 1969 mhandisi Gerhard Junker alieleza kwamba nati hulegezwa zaidi na mitikisiko inayosukuma nyuso zilizobanwa kwenda na kurudi kwa upande, kuliko ile inayovuta na kuachia katika njia ya ekseli. Maelezo yake ni rahisi. Msuguano daima hupinga mwendo uliopo. Uso ukishaanza kuteleza upande mmoja, msuguano wake wote huelekea kupinga mwendo huo, na unaobaki kuzuia mwendo wa upande mwingine ni mdogo sana. Ndipo mteremko mdogo wa hesi, ambao hapo kwanza haukuwa na nguvu, hupata nafasi ya kuirudisha nati nyuma kidogo kidogo. Barabara ya mawe na mzigo unaoyumba juu ya keria hutoa mitikisiko ya namna hiyo kwa maelfu katika safari moja.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba mwendo huo wa upande hauanzi maadamu mkazo ni mkubwa. Nati iliyokazwa sawasawa huizuia mitikisiko. Nati iliyokazwa nusu huikaribisha. Ndiyo maana kulegea huanza polepole, kisha huongezeka kwa kasi.

Sababu ya pili ni vitu laini vilivyobanwa pamoja na chuma. Rangi ya fremu, udongo mkavu na magamba ya kutu yakiwa chini ya washa, husagika baada ya siku chache za safari. Tabaka la rangi huweza kuwa nene mara kadhaa kuliko ile sehemu moja ya mia ya milimita inayobeba mkazo. Rangi ikisagika, mkazo huondoka bila nati kuzunguka hata kidogo. Kwa hiyo baiskeli mpya, au iliyopakwa rangi upya, haina budi kukazwa tena baada ya siku za kwanza za kutumiwa.

Sababu ya tatu ni nati isiyo ya ekseli yake. Ziko ekseli za kipimo cha inchi 3/8 na ziko za milimita 10 zenye hesi ya milimita 1. Hatua za hesi hizo karibu zilingane, 0.98 na 1.00, hivyo nati ya milimita 10 huingia katika ekseli ya inchi 3/8 bila shida yoyote, na mnunuzi hufurahi. Lakini kipenyo cha ekseli hiyo ni pungufu kwa karibu nusu milimita, yaani robo ya milimita kila upande, ilhali kina ambacho hesi za nati na za ekseli hushikana ni nusu milimita hivi. Karibu nusu ya mshiko imepotea. Nati ya namna hiyo hucheza mkononi hata kabla ya kukazwa, na ikikazwa kwa nguvu hula hesi.

Kulegea kutoka ndani ya habu

Mara nyingine nati za nje zimekazwa barabara, lakini gurudumu likishikwa kwenye ringi na kusukumwa kushoto na kulia hucheza. Hapo kosa ni la koni. Grisi ikikauka au vumbi likiingia, gololi huacha kubingirika vizuri na kuanza kuikokota koni pamoja nazo.

Upande wa kukokotwa huko waweza kutabiriwa. Mtu akisimama upande wa kulia wa baiskeli inayokwenda mbele, huliona gurudumu likizunguka kama mishale ya saa. Akihamia upande wa kushoto, huliona likizunguka kinyume. Hesi za ncha zote mbili za ekseli hukazwa kwa kufuata mishale ya saa. Kwa hiyo koni ya kulia ikikokotwa hujikaza, hubana gololi, na gurudumu huwa zito au hukwama kabisa. Koni ya kushoto ikikokotwa hujifungua, na gurudumu huyumba. Kwa sababu hiyo ni vyema koni ya kulia ifungwe imara na lokinati yake isiguswe, na marekebisho yafanywe kwa koni ya kushoto. Heri gurudumu linaloyumba na kumwonya mpandaji, kuliko linalokwama ghafla.

Kwa nini nati hukwama

Chuma, maji na oksijeni vikikutana, hutokea kutu. Chumvi ikiwamo katika maji hayo, mwendo wa umeme unaoandamana na kuliwa kwa chuma huwa mwepesi zaidi. Hii ndiyo sababu baiskeli za Tanga, Mombasa, Unguja na miji mingine ya pwani huota kutu upesi kuliko za nyanda kavu za bara.

Kutu haili chuma tu, bali pia huongeza ujazo. Kutu iliyotokana na kipande cha chuma huchukua nafasi mara mbili au zaidi ya chuma chenyewe. Baina ya hesi za nati na hesi za ekseli kuna mwanya mwembamba usiofika sehemu moja ya kumi ya milimita. Maji huingia humo yenyewe, kama yapandavyo katika utambi, na kutu inayotokea hujaza mwanya na kuzisukuma nyuso pande zote. Nyuso ambazo zilikuwa zikigusana upande mmoja tu wa hesi sasa zimebanwa pande zote mbili, na kuunganishwa na magamba ya kutu.

Hapa ndipo hatari ya kukata ekseli inapotokea. Wakati wa kukaza nati safi, nusu ya juhudi ya fundi hubaki kwenye uso wa nati na haifiki katika ekseli. Lakini nati iliyoshikwa na kutu katika hesi hupeleka karibu momenti yote katika ekseli yenyewe. Fundi akichomeka bomba katika spana ili urefu uwe mita 0.6 badala ya 0.2, huongeza momenti mara tatu, na ekseli nyembamba husokotwa mpaka ikakatika.

Namna ya kufungua nati iliyokwama

Kwanza, hesi zinazoonekana zisafishwe kwa brashi ya waya, ili nati inapotoka isisage mchanga na kutu njiani. Kisha idondoshewe mafuta mepesi. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta kidogo ya injini hufaa, kwa kuwa ni mepesi na hupenya katika mwanya uleule ulioyaingiza maji. Kupenya huko huhitaji muda. Iachwe saa kadhaa au usiku kucha, na mafuta yaongezwe mara mbili au tatu.

Pili, nati igongwe kwa nyundo ndogo kwenye bapa zake, na upande wa pili uzuiwe kwa chuma kizito. Mapigo mafupi huvunja magamba ya kutu, ambayo ni magumu lakini hayapindiki. Ncha ya ekseli isigongwe, kwa maana hesi zitafumuka na nati haitapita.

Tatu, itumike spana inayokaa sawasawa. Plaizi hulainisha kona za nati na kuongeza tabu. Nati ikazwe kidogo kwanza, kisha ifunguliwe. Ikisogea hata kidogo, irudishwe na kufunguliwa tena, huku mafuta yakiongezwa. Ekseli yote ikizunguka pamoja na nati, nati ya upande wa pili ishikwe kwa spana nyingine.

Nne, njia hizi zikishindwa, joto laweza kutumiwa. Chuma cha pua hupanuka kwa sehemu 12 katika milioni kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Nati yenye tundu la milimita 9.5 ikiwa na joto la digrii 200 zaidi ya ekseli, tundu lake hupanuka kwa:

9.5 × 0.000012 × 200 = milimita 0.023 hivi.

Kipimo hicho ni kidogo, lakini hutosha kupasua kutu. Hata hivyo njia hii ina masharti. Tairi na mpira viondolewe au vikingwe, koni na gololi zisifikiwe na moto kwa kuwa hupoteza ugumu wake, na isitumiwe kamwe baada ya kumwaga mafuta ya taa, kwa sababu yatawaka. Kazi hii ni ya fundi mzoefu, si ya mwanafunzi peke yake.

Mwisho, nati ikiendelea kukataa, ikatwe kwa msumeno wa chuma kwenye bapa moja, sambamba na ekseli. Thamani ya nati ni ndogo kuliko ya ekseli.

Namna ya kuifunga upya

Wapo wanaoogopa kupaka mafuta kwenye hesi kwa kudhani kwamba nati itateleza na kufunguka. Hesabu huonyesha kinyume. Kwa hesi zilizopakwa mafuta au grisi, ile namba 0.2 hushuka hadi 0.15 hivi. Momenti ileile ya nyutoni-mita 30 sasa hutoa mkazo wa nyutoni 21,000 badala ya 15,800. Mkazo mkubwa zaidi ndio unaoizuia mitikisiko, na grisi hiyohiyo huzuia maji yasiingie katika hesi. Basi dawa ya kulegea na kinga ya kukwama ni moja. Hadhari mbili tu zatakiwa: mkono upunguzwe kidogo, ili ekseli isivutwe kupita kiasi, na nyuso za bamba la fremu ziachwe safi na kavu, kwa sababu hizo ndizo zinazohitaji msuguano.

Koni irekebishwe kabla ya nati za nje. Ikazwe kwa vidole mpaka iguse gololi, irudishwe kidogo sana, kisha lokinati ifungwe huku koni imeshikwa kwa spana nyembamba. Gurudumu lililorekebishwa vizuri halichezi kwa upande, na likiachwa huru, sehemu yake nzito, ambayo mara nyingi ni ile yenye valvu, hushuka yenyewe hadi chini. Baada ya hapo nati za nje zikazwe kwa zamu, kulia na kushoto, mpaka zikamilike zote.

Majaribio ya darasani

Jaribio la kwanza. Tofali liwekwe juu ya ubao ulioinuliwa kidogo, kiasi kwamba tofali limetulia. Ubao ugongwe kwa upande mara nyingi. Wanafunzi wataona tofali likiteremka hatua kwa hatua, ingawa hakuna aliyelisukuma kuelekea chini. Hivyo ndivyo nati inavyolegea.

Jaribio la pili. Zichukuliwe bolti tatu zinazofanana pamoja na nati zake. Ya kwanza ipakwe grisi, ya pili iachwe kavu, na ya tatu ilowanishwe kwa maji ya chumvi kila siku. Zote zikazwe kwa kuvuta mwisho wa spana kwa mizani ya springi mpaka kipimo kimoja. Baada ya wiki nne zifunguliwe kwa mizani hiyohiyo, na kipimo cha kila moja kiandikwe. Kilo zikizidishwa kwa 10 hutoa nyutoni kwa kukadiria, na nyutoni zikizidishwa kwa urefu wa spana kwa mita hutoa momenti.

Gurudumu moja la baiskeli, lililoletwa darasani kutoka uani mwa shule, lina mteremko, msuguano, momenti, mnyumbuko wa chuma, upanuzi kwa joto na kemia ya kutu. Mwanafunzi aliyejifunza mambo hayo katika gurudumu hilo atakuwa pia ameokoa ekseli za jirani zake, na huenda akaokoa maisha. Mdharau mwiba mguu huota tende: nati zikaguliwe kwa spana kila juma, na kila mara kabla ya safari yenye mzigo mzito.